Shukrani ya Novemba, kihenge cha Juni

Kila Novemba ikikaribia, kadi zinaanza kuzunguka mjini. Si za harusi wala kipaimara, hizo tumezizoea. Hizi ni za Thanksgiving. Kuna kamati, kuna grupu la WhatsApp, kuna mchango wa elfu hamsini kwa kichwa (elfu themanini mkija wawili), kuna MC, kuna maputo ya rangi ya chungwa, na mezani kuna kuku wa kisasa watatu waliobananishwa kwenye sahani moja ili kwa mbali waonekane bata mzinga. Nimeshahudhuria mara mbili. Nilikula, nikafurahi. Sina ugomvi na mtu anayetafuta sababu ya kukaa na wenzake na kusema asante, maana Bongo hii sababu za kukaa na kulalamika tunazo za kutosha.

Ugomvi wangu ni na kalenda. Halafu ni na hesabu.

Kalenda kwanza. Wamarekani husimulia kwamba mwaka 1621 wahamiaji kutoka Uingereza walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, huko Plymouth, baada ya mavuno yao. (Yaliyowapata Wawampanoag baadaye ni habari nyingine, na si ya kupigia vigelegele.) Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alitangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba kuwa siku ya taifa ya shukrani. Mwaka 1941 Bunge lao likaiweka Alhamisi ya nne, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Kwao tarehe hiyo ina akili yake. Mavuno yameshaingia ndani, baridi inabisha hodi, kuna cha kula na kuna sababu ya kukaa ndani.

Sasa njoo Lusu. Kwa asiyepafahamu, Lusu ni kata katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Wengi mmeisikia kwa sababu ya dhahabu, maana mgodi wa Golden Pride ulifanya kazi kule tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi ulipofungwa muongo mmoja na ushee baadaye. Sisi wenye wazazi kule tunaijua kwa mahindi, mpunga, karanga, viazi vitamu na mtama. Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Novemba, inakoma Aprili au Mei mwanzoni, basi. Kwa hiyo Novemba ni mwezi wa kutafuta mbegu, kunoa majembe na kugombania plau na maksai wa jirani. Kihenge kinazidi kushuka. Kinachopatikana bila kuombwa ni embe, na hizo ndizo tunazoambiwa zilienea bara kwa kokwa walizotupa watu wa misafara njiani. Ukimfanyia mzazi wa Lusu sherehe ya mavuno mwezi huo, ni sawa na kumpongeza mfanyakazi kwa mshahara tarehe 23, wakati anakopa nauli.

Na si kwamba sisi hatuna shukrani ya mavuno mpaka tuletewe. Ingia kanisani Jumapili ya mavuno, iwe Moravian, Katoliki, KKKT au Anglikana. Utakuta mbele pamezungukwa na mabua ya mahindi, masuke ya mtama, maboga, madebe ya karanga, na kuku aliyefungwa miguu ambaye anaingilia mahubiri kila anapoona inafaa. Baada ya ibada ni mnada. Kuku yule anaweza kuuzwa mara tatu, kwa sababu anayemnunua anamrudisha auzwe tena, na mzee anayenadi anawafahamu wote wenye watoto mjini. Waislamu, ambao Tabora ni wengi tangu enzi za misafara, wana zaka ya mazao: sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, sehemu ya ishirini kwa shamba la kumwagilia kwa gharama, kwa aliyefikisha kiwango. Kaskazini yetu, Bujora karibu na Mwanza, Wasukuma wana Bulabo kila Juni, Bagika na Bagalu wakishindana ngoma mbele ya maelfu ya watu. Serikali nayo ina Nane Nane. Lakini Nane Nane ni mabanda, matrekta na wageni rasmi, na mama yangu hajawahi kushukuru kitu pale isipokuwa kivuli.

Kinachokosekana, kwa mtazamo wangu, ni shukrani ya watu wanaokula chungu kimoja. Ya kanisani unampa Mungu na jirani. Ya Bujora unampa mcheza ngoma. Ile ya nyumbani, ambapo baba, mama, watoto, bibi na yule binamu aliyekuja kusoma wanakaa wakaangalia walichopata na kuambiana kitatumikaje, hiyo wengi hatuna. Tunavuna, tunauza, tunakula, halafu Februari tunashangaa.

Februari ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Mwanafunzi wa mjini anaijua Februari kwa Valentine. Kwetu ni mwezi wa kupalilia na njaa tumboni, wakati mahindi shambani yana kimo cha mtu lakini hayajabeba kitu cha kuchoma. Bei ya nafaka sokoni inakuwa imepanda. Aliyeuza Julai anarudi kununua kile kile alichouza.

Niwape mfano kwa namba za mviringo. Tuseme Julai gunia la mahindi ni sh. 45,000 na Februari ni sh. 85,000. Baba kauza magunia sita Julai, kapata 270,000. Familia ikiyahitaji tena Februari, ni 510,000. Pengo ni 240,000, na hapo hatujagusa lumbesa. Wanunuzi wanashindilia gunia mpaka lina kofia, debe saba badala ya sita, jambo linalopigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka lipo. Magunia sita ya lumbesa yenye debe saba saba ni debe 42, yaani magunia saba kamili. Umelipwa sita, umetoa saba, na dereva wa lori amekuachia soda.

Nani anauza? Tuseme ukweli jamani. Katika nyumba nyingi ninazozijua kule, anayelima zaidi ni mama, anayejua chakula kitaisha lini ni mama, na anayezungumza na dalali ni baba. Dalali haji mama akiwepo, anajua ratiba ya kisima. Sisemi wababa ni wabaya. Baba naye ana deni la mbolea, ana msiba wa kuchangia, ana mtoto anayepiga simu kutoka mjini akitaka ya kodi ya chumba. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana hesabu yake kichwani na hazijawahi kukutana.

Ajabu ni kwamba tunatoka kwa watu waliokuwa mabingwa wa hesabu hizi. Karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba biashara ya bara mabegani: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na waya kurudi. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, kwenye mji ambao tayari ulikuwa makutano ya misafara. Mwaka uliofuata Speke akapanda kaskazini hadi Ziwa Victoria akipita nchi za huku kwetu. Sasa, msafara unaendeshwa na nini? Na posho. Leo posho ni neno la semina, tunalisikia tunatafuta bahasha. Wakati ule ilikuwa chakula: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, ambacho ni robo ya pishi, kwa kipimo cha leo kama gramu 700. Mara nyingi mpagazi alipewa kitambaa au shanga za kununulia chakula cha siku kadhaa, na hapo akabaki na bajeti yake mkononi. Msafara wa watu 300 ulihitaji pishi 75 kila siku ya Mungu. Mkubwa wa msafara aliyekosea hesabu aliamka akakuta mizigo ipo na watu hawapo.

Na wapagazi wenyewe waliufuata mwaka wa shamba. Wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zinapokaribia, maana jembe lilikuwa linawasubiri. (Watani zangu Wazaramo watasema tulirudi kwa sababu tuliogopa bahari. Sawa, tutaonana msibani.)

Nyumbani kwetu tumeanza kuifanya shukrani yetu, huu mwaka ulikuwa wa tatu. Jumamosi ya mwisho ya Juni, mpunga ukiwa umeshapurwa na karanga zimeshakauka. Kwa kuwa mliosoma mpaka hapa mtataka kujua tunakula nini, nieleze.

Tunakula kilichovunwa. Hilo ndilo sharti pekee, na aliyeliweka ni bibi. Ugali wa mtama na wali wa jaruba letu wenyewe. Kuku wawili wa kienyeji, ambao hawajawahi kuhesabiwa na mtu mpaka siku ile. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa na karanga zilizotwangwa, na hapa naomba mgeni yeyote wa mjini anyamaze mpaka aonje. Njugu mawe za kuchemsha. Maboga. Maziwa ya mgando. Matobolwa na michembe kwa chai, viazi vitamu vilivyokaushwa, vile vya kwanza huchemshwa kabla ya kuanikwa na vya pili hukatwa vibichi. Asali kidogo. Togwa kwa anayetaka. Fedha taslimu iliyotoka mfukoni mwaka huu haikufika elfu thelathini: sukari, chumvi, mafuta ya kula, majani ya chai na kiberiti.

Hapa nikuchekeshe kidogo. Wale wa maputo ya chungwa wanadhani wanakula Kimarekani. Angalia meza yetu ya Lusu: mahindi asili yake ni Amerika, karanga Amerika, viazi vitamu Amerika, maboga Amerika, na muhogo pia. Vyote vilifugwa na kulimwa na wenyeji wa bara lile karne nyingi kabla ya Plymouth, vikavuka bahari vikawa vyetu. Cha kwetu cha asili pale mezani ni mtama, kunde na njugu mawe. Kwa hiyo bibi yangu, ambaye hajawahi kusikia habari za Alhamisi ya nne, anakula Thanksgiving halisi kuliko kamati nzima ya Mikocheni. Yeye Marekani anaikumbuka kwa kitu kingine: unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao wazee wengi wanausimulia kutoka miaka ya njaa ya 1970 na baadaye. Ukimtajia anakunja uso. "Tulishukuru, mume wangu," aliniambia (bibi na mjukuu, msishangae), "lakini asante ya chakula cha kupewa inachosha mdomo."

Mapambo hatununui, tunatengeneza, na siku nzima kabla ya sherehe ni ya hiyo kazi. Watoto wanatengeneza magari kwa mabua, wenye bidii wanaweka na usukani. Masuke ya mtama yanafungwa mafungu na kutundikwa mlangoni, na hayo hayo ndiyo mbegu ya Novemba, hayatupwi. Bibi anakata vibuyu vilivyokauka, anatoa kata za maji na vyombo vya maziwa, na wajukuu wanachora mistari juu yake kwa waya wa moto. Mwaka huu mmoja alichora kitu akasema ni simba, kila mtu akaona mbuzi, kimebaki mbuzi. Shangazi anasuka ukili wa mkeka. Ungo uliotoboka unazibwa.

Kazi kubwa zaidi ni kihenge. Kuna fito za kubadilisha, kuna udongo na samadi ya kukandika upya, kuna paa la nyasi. Wanaume wa nyumbani, ambao siku nyingine kazi za kusuka wanaziona za akina mama, hapo hawana pa kukimbilia. Nimeona mashindano ya kuchonga maboga kwenye televisheni, ni mazuri, ila boga likishachongwa linaoza. Kihenge kikikandikwa kinalinda chakula.

Au kinalinda kiasi, maana nisiwadanganye. Mahindi siku hizi hayakai kwenye kihenge kama zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa wetu wa Tabora ndio uliokuwa wa kwanza Afrika kugunduliwa dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati. Wakulima walimpachika jina la Scania, kama lile lori. Alikuta mahindi yamehifadhiwa na magunzi yake, akafanya karamu. Tangu hapo watu wamejifunza kupukuchua mapema na kuweka dawa, na miaka ya karibuni imekuja mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kama kinga njaa. Sisi tunatumia mifuko hiyo kwa mahindi. Kihenge kimebaki cha mpunga na mtama. Ninyi wenye elfu hamsini ya mchango, ulizeni bei ya mfuko mmoja mtaona inanunua mingapi.

Tukishakula, vyombo kabla ya kuoshwa, yanatolewa mazao yote mbele ya wote na kuhesabiwa. Hii ndiyo sherehe yenyewe, hayo mengine ni kuchangamsha.

Mwaka huu mahindi yalikuwa magunia 21, ya debe sita, bila kofia. Nyumbani wanaokula kila siku ni saba. Mama alisema debe moja la mahindi linawatosha wiki moja, kwa sababu kuna wali na viazi katikati. Baba akasema siku tano. Wakabishana mbele yetu, jambo ambalo watoto walilifurahia kuliko kuku. Bibi akamaliza kwa kuuliza nani kati yao anayesimama jikoni. Ikawa wiki. Mwaka una wiki 52, debe 52 ni magunia manane na debe nne, tukaweka tisa. Mawili ya wageni na misiba, maana mtu haji kukuzika bila kula. Moja la chakula cha vibarua wa kulima na kupalilia. Mawili ya kutoa sadaka. Hapo ni 14. Yanabaki saba ya kuuza, na hayauzwi kwa mkupuo: mawili Julai kwa deni la pembejeo, mawili Oktoba kwa mbegu na mbolea, matatu yanasubiri Januari, bei ikiwa imepanda. Shule za serikali ada imeondolewa, hadi kidato cha nne tangu 2016 na kidato cha sita tangu 2022, lakini sare, viatu na madaftari hayajasikia tangazo hilo.

Yote hayo yakaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Yale tisa hayatoki bila baba na mama kukubaliana wote wawili. Baba hakulipenda sharti hilo, nalijua kwa jinsi alivyokwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote. Lakini mwaka uliotangulia, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, Februari haikuja na simu ya "mwanangu, hali huku si nzuri". Alirudi akasaini kwa mkaa.

Nimesikia upinzani. Baba mdogo anasema kuhesabu mavuno mbele ya watu ni kuita jicho baya, wazee hawakufanya hivyo. Namheshimu. Hatuhesabu barabarani, tunahesabu ndani, mbele ya walaji. Na jicho lililotumaliza miaka yote halikuwa la jirani, lilikuwa la dalali, na yeye alikuwa anajua idadi ya magunia yetu kuliko mama.

Mshikaji wangu mmoja, mchumi, ananiambia naipamba njaa kwa vibuyu, kwamba dawa ni masoko, maghala na barabara. Sikatai hata kidogo. Sheria ya stakabadhi za maghala ipo tangu 2005, na ambapo inafanya kazi vizuri mkulima anaweza kuweka mazao akisubiri bei. Ila ghala halimwambii mtu anahitaji debe ngapi mpaka Mei. Hiyo hesabu hufanyika nyumbani au haifanyiki.

Na mwingine anauliza, sisi tusio na shamba je? Wewe wa Sinza una mshahara, au vibarua, na una sado ya unga inayopanda bei kila baada ya Krismasi. Ungana na wenzako watatu, nunueni mahindi Julai kwa watu mnaowafahamu, gawaneni, wekeni kwenye mifuko inayoziba. Fanyeni na karamu siku ya kugawana, mtoto asuke kitu, atengeneze gari la mabua kama mabua yapo. Kisha kila mmoja aseme kwa sauti, mbele ya mwenziwe wa ndani, anaingiza kiasi gani na kinakwenda wapi. Najua vijana wasomi waliooana miaka minne ambao kila mmoja anaujua mshahara wa Rais wa Marekani na haujui wa mwenzake.

Wiki iliyopita, katikati ya Novemba, nilipiga simu nyumbani. Mvua za kwanza zimeshanyesha, wanapanda. Nikamuuliza mama chakula kimefika wapi. Hakwenda kuangalia, alinijibu pale pale: kwenye yale tisa yamebaki magunia matano na debe nne, wiki thelathini na nne, na mpaka Juni mwishoni wanahitaji thelathini na mbili. Zile debe mbili za ziada baba ameshaanza kuzipigia mahesabu. Halafu akampa bibi simu, naye akataka kujua mimi huku mjini unga wangu umebaki sado ngapi.